Moto Unaotembea Juu ya Mkanda

Ndugu zetu askari wa Jeshi na wa Polisi wanaolinda mwambao wa Tanganyika, tangu Minago hadi Nyanza-Lac, wanaijua harufu ya mawese kama wanavyoijua harufu ya ndagala walioanikwa mchangani. Apitaye barabara ya taifa namba 3 akauacha mji wa Rumonge nyuma yake na kuelekea Kigwena, huona michikichi kulia na kushoto, na katikati yake moshi wa vinu. Ni moshi wa kazi, na hakuna mwananchi wa Imbo anayeushangaa. Lakini moshi wa kazi na moshi wa maafa hufanana sana katika dakika chache za mwanzo, na mtu wa kwanza kuuona moshi wa maafa, hasa usiku, mara nyingi ni askari aliye zamu langoni au njiani. Ndiyo maana leo tunaliandika jambo hili kwa ajili yake, ingawa kwa kawaida huachiwa mafundi peke yao: namna ya kukinga kwa maji mitambo ya viwandani ambayo haikai mahali pamoja, yaani mikanda ya kubebea mizigo.

Kinu kidogo cha mawese hakina mkanda. Chikichi huchemshwa katika mapipa, husindikwa kwa shindikizo linaloendeshwa kwa mikono au kwa mota, na makapi hubebwa kwa vikapu. Moto ukizuka, unazuka hapo ulipo na kukaa hapo ulipo mpaka upepo uusogeze. Kinu kikubwa ni kitu kingine. Humo mikungu hupandishwa kwa mnyororo hadi kwenye pipa la kupukuchulia, chikichi hupelekwa kwenye shindikizo, na nyuzi pamoja na vifuu vinavyobaki huchukuliwa na mkanda mwingine hadi kwenye boila, kwa sababu makapi ndiyo kuni za kinu chenyewe. Kiwanda cha sukari hufanya vivyo hivyo na makapi ya miwa. Na sisi Burundi tunacho kiwanda cha namna hiyo, SOSUMO, huko Gihofi katika bonde la Moso. Kwa hiyo tunaposema mkanda, tunasema juu ya njia ndefu, aghalabu iliyoinama, iliyoezekwa mabati, inayochukua vitu vikavu vyenye mafuta kidogo ndani yake, na ambayo mwisho wake mmoja unaishia mdomoni mwa tanuri. Adui akitafuta mahali pa kuwasha moto asingechagua pazuri zaidi ya hapo.

Tunataka taifa letu litoke katika kikapu liende katika mkanda. Mkulima wa Kigwena hatakuwa na maisha bora ikiwa mafuta yake yatasindikwa milele kama yalivyosindikwa zamani. Lakini kila hatua ya mtambo huja na hatari yake, na hatari ya mkanda ina tabia ambayo wanaonunua mitambo huisahau: moto wa mkanda hutembea.

Hebu tuitazame tabia hiyo kwa hesabu. Kinyunyizi cha kawaida, kile kichwa kidogo cha maji kinachofungwa darini, kina kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likifika kiwango kilichowekwa, mara nyingi nyuzi 68 za Sentigredi, kimiminika hutanuka, kichupa hupasuka, na maji hutoka. Hakuna mtu anayekifungua. Kinajifungua chenyewe, tena kile tu kilicho juu ya moto ndicho kinachofunguka, si vyote kama wanavyoonyesha katika sinema. Katika ghala la magunia mpango huo hautetereki, kwa sababu gunia linaloungua halihami. Lakini tuseme mkanda unakwenda mita moja na nusu kwa sekunde, na fungu la nyuzi linawaka juu yake. Kinyunyizi kikihitaji dakika nzima kupata joto la kutosha, fungu lile limekwisha kwenda mita 90. Maji yatamwagika mahali ambapo moto umekwisha kupita, na moto utakuwa umekwisha kuingia mahali pasipo na maji. Na kichupa kinachopitiwa na moto kwa sekunde mbili tu huenda kisipasuke kabisa.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kukinga mkanda kwa maji halihusu maji hata kidogo. Ni kwamba mkanda usimame. Bomba la vinyunyizi hufungwa kidude kinachotambua mwendo wa maji. Maji yakianza tu kwenda, kidude hicho hukata umeme wa mota ya mkanda ule, na wa mikanda yote inayoulisha, ili shehena isiendelee kurundikana juu ya moto. Pasipo kiungo hicho kati ya maji na mota, vinyunyizi vya mkanda ni pambo tu.

Wako wanaobisha. Husema, mkanda ukishika moto uache uende, uutoe moto nje ya jengo. Tumeyasikia maneno haya, na tunakiri kwamba yana mvuto wake, maana ni maneno ya mtu jasiri anayetaka kumtoa nyoka nyumbani kwa mkono. Lakini mwisho wa mkanda ni wapi? Katika kinu ni boila, au ghala la makapi, au mkanda mwingine. Kuuacha uende ni kuusafirisha moto kwa mota yetu wenyewe, kwa umeme tunaoulipia, mpaka mahali penye kuni nyingi zaidi.

Hata hivyo wabishi hao wana nusu ya haki, na nusu hiyo isipuuzwe. Mkanda unaokwenda huligawa joto. Rola iliyokwama, ambayo beringi yake imekufa, husuguana na mkanda na kupata moto mkali. Lakini kwa kuwa mkanda unapita juu yake bila kukaa, kila kipande hupata joto kidogo tu na kupoa mbele ya safari. Mkanda ukisimama, kipande kimoja cha mpira hulala juu ya rola ile yenye moto, nacho huanza kufuka. Ndiyo sababu moto wa mikanda huweza kuzuka baada ya kazi kwisha, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kuoga, taa zimezimwa, na aliyebaki ni mlinzi. Basi kusimamisha bila maji huweza kuukuza moto; na kumwaga maji bila kusimamisha ni kuyatupa. Fundi anayeleta kimoja na kuahidi kingine mwakani hajaleta kitu, na serikali isimpe hati ya kuwasha mtambo.

Ushahidi wa haya umekwisha kuandikwa kwa roho za watu katika nchi nyingine, na si aibu kujifunza kwa msiba wa jirani wa mbali. Katika mgodi wa makaa wa Creswell, Uingereza, tarehe 26 Septemba 1950, mkanda wa mpira uliochanika ulijikunja mahali mkanda mmoja unapomwagia mwingine. Msuguano ukawasha, moshi ukafuata njia ya hewa, na wachimbaji 80 wakafa. Sehemu ile ya mgodi ilibidi izibwe ili kuunyima moto hewa kabla maiti zote hazijatolewa. Tangu msiba huo Waingereza waliacha mikanda ya mpira wa kawaida katika migodi yao wakaingiza mikanda isiyoshika moto kwa urahisi. Na hili ni jambo la kuulizwa Rumonge pia: mkanda unaonunuliwa ni wa aina gani? Mara nyingi tofauti ya bei si kubwa kuliko gharama ya sherehe ya uzinduzi.

Miaka 55 na zaidi baadaye, tarehe 19 Januari 2006, katika mgodi wa Aracoma, jimbo la West Virginia, Marekani, mkanda uliokwenda upande ulisuguana ukawaka. Vinyunyizi vilivyotakiwa na sheria mahali pale havikuwapo. Wafanyakazi wakakimbilia bomba la zimamoto: mdomo wa mpira haukulingana na mdomo wa bomba. Wakafungua bomba lenyewe: maji hayakutoka, kwa kuwa vali ilikuwa imefungwa mbali huko. Ukuta uliopaswa kuzuia moshi usiingie njia ya kutorokea ulikuwa umebomolewa. Watu wawili hawakutoka. Kampuni ilikiri makosa mahakamani, na jumla ya faini zake ikafika dola milioni 4.2. Tunaomba msomaji azitazame sababu hizo moja moja, kwa maana hakuna hata moja iliyohitaji elimu ya chuo kikuu. Vali imefunguliwa au imefungwa? Mdomo unaingia au hauingii? Askari yeyote anayejua kukagua bunduki yake kabla ya zamu anaweza kukagua mambo hayo mawili katika dakika tano.

Kisa cha tatu si cha mgodi wala kinu, bali ngazi inayokwenda kwa umeme, ambayo kwa kweli ni mkanda unaobeba watu. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, katika kituo cha reli ya chini ya ardhi cha King's Cross, London, kijiti cha kiberiti kilianguka kwenye upenyo wa kando ya ngazi ya mbao, kikatua juu ya grisi na takataka zilizokusanyika chini yake kwa miaka mingi. Watu 31 walikufa. Wakubwa wa reli hiyo walikuwa wamezoea kuuita moto mdogo wa ngazi "kufuka" tu, wasipende kutaja neno moto, na neno hilo la upole lilikuwa limewalaza usingizi. Chini ya ngazi ile kulikuwa na mitambo ya kunyunyizia maji, lakini wafanyakazi hawakufundishwa kuitumia, na haikutumika. Tena, na hili tunalisema kwa ndugu zetu polisi, askari aliyeuona moto ule alilazimika kupanda hadi juu barabarani ili kuita zimamoto, kwa kuwa redio yake haikufanya kazi chini ya ardhi. Robo saa hivi tangu moshi uonekane, moto ulilipuka ukajaza ukumbi wa tiketi.

Uchunguzi wa King's Cross uliwapa wataalamu jambo ambalo wengi wao hawakulijua. Ngazi ile ilikuwa imeinama kwa nyuzi 30, na kuta zake za pembeni ziliifanya kama mfereji. Moto uliowaka chini haukusimama wima kama moto wa jikoni. Ulilala ndani ya mfereji, ukalamba mbao za mbele yake, ukazitia joto kabla ya kuzifikia, kisha ukapanda kwa kasi ya kutisha. Mkanda unaopandisha makapi kwenye boila, ukiwa ndani ya kichochoro chake cha mabati, una umbo hilo hilo: una mteremko, una kuta, na juu yake una paa linalofanya kazi ya dohani. Kwa hiyo vinyunyizi vya mkanda ulioinama havipangwi kama vya ghala. Hupangwa kwa ukaribu, mita tatu hivi kutoka kimoja hadi kingine. Kichochoro kirefu hukatwa kwa mapazia ya bati yanayoning'inia darini ili joto lisikimbie juu likafungua vinyunyizi visivyohusika na kuviacha vinavyohusika. Na maji huelekezwa pia upande wa chini, ule ambao mkanda hurudi mtupu, kwa sababu moto wa rola huanzia huko, na mkanda wa juu huwa mwavuli unaouzuia mvua ya darini isiufikie. Kosa la kuweka maji juu peke yake ni la kawaida mno. Mchoro huonekana umekamilika, mkaguzi hutia sahihi, na nusu ya mkanda imebaki kavu.

Mahali penye hatari zaidi, pale cheche inapoweza kutoka kwenye shindikizo au tanuri ikaingia mkandani, kinyunyizi cha kichupa hakifai peke yake. Hapo huwekwa jicho la umeme linaloona cheche, nalo hufungua vali ya maji mbele ya safari. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa tangu jicho lione hadi maji yatoke ni sekunde tatu, na mkanda unakwenda mita moja na nusu kwa sekunde, cheche itakuwa imekwenda mita nne na nusu. Basi mdomo wa maji uwekwe mita sita mbele, si mita mbili. Wanajeshi watapenda kujua kwamba viwanda vya baruti hutumia kanuni hiyo hiyo kwa ukali zaidi: huko maji hutakiwa kutoka ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Makapi ya michikichi hayana haraka hiyo, lakini kanuni ni moja, kwamba maji yaende kuungoja moto mbele yake badala ya kuufukuza kwa nyuma.

Sasa tuje nyumbani, maana mambo mengi ya katalogi za ng'ambo hayakuandikwa kwa ajili ya Imbo. Katika nchi za baridi mabomba ya vinyunyizi hujazwa hewa badala ya maji ili yasigande, na maji huingia baada ya kinyunyizi kufunguka. Mfumo huo ni ghali, una vali nyingi, na unachelewa. Kigwena maji hayagandi. Atakayetuuzia mfumo wa hewa kwa ajili ya kichochoro cha kawaida anatuuzia koti la manyoya. Mabomba yetu na yakae yamejaa maji saa zote. Kwa upande mwingine joto letu lina dai lake. Kichupa cha nyuzi 68 hukusudiwa mahali ambapo joto la darini kwa kawaida halizidi nyuzi 38. Chini ya bati la Rumonge saa nane mchana, karibu na boila, joto hupita hapo bila moto wowote, na kichupa chaweza kupasuka kwa jua tu. Maji yatamwagika, mkanda utasimama, msimamizi atakasirika, na baada ya mara ya pili atafunga vali kuu kwa mkono wake. Aracoma ya kwetu itakuwa imeanza. Basi vichukuliwe vichupa vya nyuzi 93, na vifutwe mara kwa mara, kwa sababu mvuke wa mawese na vumbi la nyuzi huvivika kanzu inayozuia joto lisiingie.

Kuhusu maji yenyewe, mtu atacheka akituona tunahangaika. Mbele yetu liko ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo lina kiasi cha moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani. Lakini maji yaliyo ziwani si maji yaliyo bombani. Bujumbura nayo iko ufukweni mwa ziwa lilo hilo, na soko lake kuu liliteketea siku ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013, hata ikabidi helikopta za Rwanda zije kusaidia kuuzima moto. Wafanyabiashara waliopoteza mali zao siku ile hawakufilisika kwa sababu Tanganyika ilikauka.

Tuchukue mkanda wenye kichochoro cha urefu wa mita 30 na upana wa mita mbili na nusu. Ni mita 75 za mraba. Kanuni zinazotumika kwa mikanda zinataka lita kumi kwa kila mita ya mraba kwa dakika: hiyo ni lita 750 kwa dakika, na kwa saa nzima ni lita 45,000, sawa na mapipa 225 ya lita 200. Jambo hilo haliwezekani kwa ndoo, hata kama kikosi kizima kitapanga mstari kutoka ufukweni. Latakiwa tangi, na latakiwa msukumo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi wa wachuuzi wa mitambo. Wao huleta pampu ya umeme. Lakini umeme ndio kitu cha kwanza kukatwa moto unapozuka, na mara nyingine umekwisha kukatika kabla ya moto. Mjanja wao huongeza pampu ya dizeli. Na nani asiyekumbuka misururu ya magari katika vituo vyetu vya mafuta miaka hii ya karibuni? Dizeli iliyowekwa kwa ajili ya moto usiojulikana siku yake itaombwa "kwa dharura" na gari la mkubwa fulani, na haitarudi. Sisi tunasema tuutazame mlima. Mashariki ya barabara, nchi inainuka mara moja kuelekea Mirwa. Tangi likijengwa mahali palipo juu ya kinu kwa mita 40 hupata msukumo wa kama kilo nne kwa kila sentimita ya mraba, hata baada ya kupungua kidogo njiani msukumo huo watosha vinyunyizi vya mkanda wa kadiri hii, pasipo mota, pasipo dizeli, pasipo mtu wa kubonyeza kitu. Tangi hilo lijazwe polepole kwa pampu ndogo au kwa kijito, hata ikichukua siku tatu. Na bomba linalotoka humo kwenda kwenye vinyunyizi lisichangiwe na bomba la kufulia wala la kuogea. Ama, wakilazimika kuchangia, mdomo wa matumizi mengine uwe juu ya tangi na ule wa moto uwe chini, ili lita 45,000 zisiguswe hata wakioga wote.

Wataalamu watatukumbusha mambo mawili, na wana haki. La kwanza, shehena ya makapi ikilowa huwa nzito, na mkanda ulioinama ukisimama bila breki huweza kurudi nyuma na kumwaga mzigo wake wote unaowaka chini kwa wafanyakazi; kwa hiyo breki ya kuzuia kurudi ni sehemu ya ulinzi wa moto, si anasa ya fundi. La pili, maji ya vinyunyizi ni ya nyuzi, vifuu na mkanda. Mafuta ya moto ndani ya sufuria au tangi ni habari nyingine, na atakayeyapiga kwa mkondo mkali wa maji atayatawanya yakiwaka. Askari atakayefika kwanza na mpira wa maji mkononi ni lazima aambiwe mapema upande upi ni wa mkanda na upande upi ni wa mafuta.

Msomaji aweza kuuliza, haya yote yanamhusu nini mtu wa bunduki? Yanamhusu kwa sababu katika nchi yetu kila kitu kikubwa kina lango, na penye lango pana askari. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 2021 haujasahaulika. Katika gereza la Gitega moto uliua watu 38 kwa hesabu iliyotangazwa na serikali, na hapo walinzi walikuwapo. Hatusemi neno juu ya waliokuwa zamu usiku ule. Twasema kwamba kulinda mahali kwa maana ya kuzuia watu wasiingie wala wasitoke ni nusu ya ulinzi, na kwamba mafunzo ya nusu ya pili hayajawahi kupewa uzito unaostahili vikosini. Kuwaachia zimamoto peke yao ni kujidanganya: tangu Bujumbura hadi Rumonge ni zaidi ya kilomita 70 za barabara ambayo ziwa lenyewe limeila mahali kadhaa lilipofurika. Na nyuma ya vinu vya Kigwena uko msitu wa hifadhi, mmoja wa mabaki machache ya misitu ya nchi ya chini tuliyonayo. Kinu hujengwa upya kwa mkopo. Miti ile haikopeshwi na benki yoyote.

Kwa hiyo tunapendekeza, na tunataka wakubwa wa majeshi yetu watujibu, kwamba kila kikosi kinachopewa lindo la kiwanda kipewe pia mchoro wa mabomba yake, kionyeshwe vali kuu iko wapi, na kijue ikoje inapokuwa wazi. Vali hiyo ifungwe mnyororo na kufuli ikiwa wazi, ili yeyote atakayetaka kuifunga aombe ufunguo na kuandika jina lake katika daftari la zamu. Redio za walinzi zijaribiwe ndani ya kichochoro cha mkanda, si uwanjani tu ambako kila redio husikika. Mara moja kwa mwezi mdomo wa majaribio ufunguliwe mbele ya askari na msimamizi, maji yaonekane kwa macho, na mkanda usimame kweli. Usiposimama, kinu kisiendelee na kazi siku hiyo, hata kama chikichi zinaoza uani.

Na jambo la mwisho ni la gharama ndogo kuliko yote. Mkanda unaposimamishwa jioni, zamu ya usiku isianze kwa kukaa langoni. Walinzi wawili waupitie mkanda wote kwa miguu, juu na chini, wakiinusa hewa, wakisogeza kiganja karibu na kila rola bila kuigusa, wakisikiliza. Wakae nusu saa, waupitie tena. Rola yenye moto iandikwe namba yake daftarini na imwagiwe maji palepale, na fundi asiruhusiwe kuwasha mota asubuhi mpaka atie sahihi mbele ya namba ile kwamba ameibadilisha.